Jinsi ya Kupokea Habari Mbaya Kutoka Chuoni: Mwongozo kwa Mzazi wa Remba

Mtoto wa Remba, kisiwa cha Ziwa Viktoria, akipata barua ya kujiunga na chuo kikuu, kila mtu kisiwani hugeuka mtaalamu wa safari. Mmoja atakuambia ununue sanduku la chuma lenye kufuli, maana chuoni kuna wezi. Mwingine atasisitiza mtoto abebe omena kavu, tena gunia zima, maana huko bara omena ni ghali na ina mchanga. Wa tatu, ambaye hajawahi kufika Rongo, atachukua kijiti na kukuchorea njia yote chini: boti hadi Sori au Mbita, kisha matatu, kisha bodaboda, na nauli ya kila kipande. Godoro, beseni, jiko la gesi, blanketi mbili. Ushauri wote huo ni mzuri, ila hakuna anayemfundisha mzazi kazi itakayomkabili mwenyewe kuanzia juma la tatu: kupokea simu.

Simu ya "Mama, nimefika salama" haina kazi. Kila mtu anajua kuipokea. Ninayoisema ni ile inayoingia usiku baada ya kimya cha siku kadhaa. Mtoto anasalimia mara mbili. Anauliza hali ya nyanya, hali ya boti, hali ya mbwa. Halafu ananyamaza. Kimya hicho kimebeba habari, na utakachosema ndani ya dakika moja inayofuata kitaamua kama utaipata leo au utaipata mwaka wa nne, siku ambayo jina lake litakosekana kwenye orodha ya mahafali.

Mwongozo huu umeandikwa kwa imani moja. Mwanafunzi anayeweza kupeleka habari mbaya nyumbani ana nafasi kubwa ya kukizoea chuo na kukimaliza. Yule ambaye kwao hupokelewa habari njema pekee hujifunza kuficha, na kuficha huligeuza tatizo dogo kuwa msiba. Wazee walikwisha kusema: mficha uchi hazai.

Vifaa vinavyohitajika

Simu moja yenye chaji. Mahali pa kukaa, hata ukingo wa boti iliyopandishwa ufuoni. Dakika ishirini ambazo hakuna mteja wa samaki anayekusubiri. Ulimi unaoweza kutulia mdomoni kwa dakika tano za mwanzo. Ukiwa na shaka nao, tafuna muwa. Huhitaji kujua Kiingereza, wala huhitaji kuwa umesoma hata darasa moja.

Hatua ya kwanza: Hesabu wazazi wa mtoto wako

Utadhani ni wawili. Hesabu tena. Yuko mwenye boti aliyetoa pato lake la usiku mzima. Wako wanawake wa chama waliokubali kuruka zamu zao ili wewe upokee kwanza. Liko kanisa, iko kamati ya ufuo, yuko mwenye duka kutoka Uganda na mvuvi kutoka Tanzania, maana Remba ni kisiwa cha watu wa nchi tatu na kila mmoja huchangia kwa lugha yake. Yuko fundi wa nyavu aliyetoa shilingi mia mbili na ambaye amezitaja kila Jumapili tangu siku hiyo. Mtoto anapopanda boti, anaondoka na wazazi wa ufuo mzima.

Desturi hii ina heshima kubwa na ina historia papa hapa ziwani. Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya ambaye ukoo wake ni wa kisiwa cha Rusinga, aliacha shule ya upili kabla ya kumaliza kwa sababu ya karo. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akiomba nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya, na mwezi Septemba mwaka huo ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Wamarekani walilipia ndege na sehemu kubwa ya masomo. Huku nyumbani jamaa na majirani walichanga pesa za matumizi, shilingi juu ya shilingi. Mboya amezikwa Rusinga, na chuo kikuu cha Homa Bay kilichopata hati yake mwaka 2022 kina jina lake. Tumekuwa watu wa kuchangia elimu ya mtoto wa mwenzetu tangu zamani, na tusiache.

Lakini mchango una uzito, na anayeubeba ni kijana wa miaka kumi na tisa. Akianguka somo moja, hafikirii somo. Anamwona fundi wa nyavu. Anawaona wanawake wa chama mmoja mmoja. Shukrani inageuka deni, deni linageuka aibu, na aibu inaziba mdomo. Ndipo anapoanza kusema "niko sawa" kwa kila anayepiga.

Basi fanya mambo mawili kabla boti haijaondoka. Kwanza, simama mbele ya wachangaji, mtoto akisikia, useme waziwazi: "Mmetoa ili aende akajaribu. Hamkununua alama zake." Sema hivyo hata kama mwenye boti atakunja uso. Pili, mchague mtu mmoja atakayepokea habari za mtoto, awe wewe au mtu mwingine anayemwamini. Wengine wote wakitaka kujua, wamuulize huyo. Kijana anaweza kumkabili mtu mmoja akiwa na habari mbaya. Hawezi kuukabili ufuo.

Hatua ya pili: Jifunze maswali manne

Wazazi wengi wana swali moja tu: "Unasoma?" Jibu lake ni moja tu: "Nasoma." Mkimaliza hapo mmepoteza salio bure.

Miaka ya 1980 watafiti wawili wa Marekani, Robert Baker na Bohdan Siryk, walitunga dodoso la kupima jinsi mwanafunzi anavyozoea chuo. Waligundua kwamba kuzoea si jambo moja, wakaligawa mara nne: masomo yenyewe, kuishi na watu, hali ya moyo na mwili, na kama mtu anakiona chuo kile kuwa mahali pake. Mwanafunzi anaweza kuwa na alama nzuri huku halali usiku. Anaweza kuwa na marafiki tele huku hajaingia darasani mwezi mzima. Swali moja haliwezi kuyafikia yote hayo. Kwa hiyo jifunze haya manne:

"Ni somo gani halikuingii?" Swali hili limekwisha kukubali kwamba lipo somo lisiloeleweka, kwa hiyo mtoto hana haja ya kujitetea.

"Unakula na nani?" Hili ndilo swali kubwa kwa mtoto wa kisiwani. Remba ni kisiwa kidogo kilichojaa watu. Mabati ya nyumba yanagusana, na mtu akikohoa usiku majirani watatu watamwambia pole asubuhi. Mtoto aliyekulia hapo hajawahi kula peke yake maishani. Sasa amepanga chumba kimoja karibu na chuo, anapika sukuma wiki, anakula akiutazama ukuta. Upweke wa namna hiyo hana hata jina la kuuita. Anachojua ni kwamba chakula hakipiti.

"Unalala?" Usingizi hueleza hali ya moyo kabla mdomo haujakubali.

"Ungepewa nafasi ya kuhama, ungehama?" Mara nyingi utasikia kwamba kozi aliyopangiwa siyo aliyoiomba, au kwamba darasani wako mia tatu na hakuna mwalimu anayemjua kwa jina. Hayo yanafaa kusikika muhula wa kwanza, kungali na njia ya kuyarekebisha. Kozi inaweza kubadilishwa mwanzoni. Mwaka wa tatu mlango huo huwa umefungwa.

Hatua ya tatu: Sema ukweli wa pesa

Pesa ya omena hufuata mwezi. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawaifuati taa, boti hukaa ufuoni, na mfuko wa nyumbani nao hukaa. Kuna pia miezi ambayo uvuvi wa omena hufungwa kisheria. Mbuta nao wana misimu yao, na bei ya kiwandani haimuulizi mvuvi. Chuo hakijui lolote kati ya haya. Chuo kinajua tarehe ya kulipa na tarehe ya mtihani.

Tangu 2023 kuna mfumo mpya wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu. Kila mmoja huwekwa kwenye kundi kulingana na hali ya kwao. Sehemu ya gharama ni ufadhili wa serikali, sehemu ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), na sehemu ni ya familia. Mfumo huo umebishaniwa hadi mahakamani. Mtoto wako amejaza fomu inayouliza mapato ya nyumbani, huku mapato ya nyumbani yakipanda na kushuka kwa mwezi wa angani. Hapo tayari kuna wasiwasi wa kutosha. Usimwongezee mwingine kwa kumdanganya.

Maana wazazi nao huficha. "Wewe soma tu, pesa ipo," unasema, na pesa haipo. Unasema kwa upendo, lakini mtoto anajifunza kwako kwamba katika nyumba hii mtu akipendwa hufichwa mambo. Naye atakupenda vivyo hivyo: atakuficha.

Badala yake mpe kalenda. "Wiki hii mwezi ni mpevu, usitarajie kitu. Giza likirudi nitatuma Jumamosi, kiasi hiki." Kidogo kinachojulikana kitafika lini kina faida kuliko kikubwa kinachoanguka ghafla. Mtoto mwenye kalenda anaweza kuzungumza na mwenye nyumba wake, akanunua unga wa wiki mbili, akakataa kukopa kwa simu pesa zitakazomla akilala. Mtoto asiye na kalenda huishi akiitazama simu, na simu hiyohiyo ndiyo yenye michezo ya kubeti inayomwahidi kodi ya nyumba kwa shilingi hamsini.

Hatua ya nne: Pokea simu yenyewe

Hivi ndivyo simu isivyopokelewa:

"Mama, kuna somo moja nimeanguka."

"Umeanguka! Na ile pesa ya watu? Nitawaambia nini watu wa chama? Mwenzako wa Mfangano mbona hajaanguka? Mimi nilikuwa natoka alfajiri na beseni kichwani kwa ajili yako, wewe huko unacheza na nani?"

"Mama, mtandao unasumbua."

Mtandao hausumbui. Mtoto amekata simu, na hatakuambia tena kitu cha namna hiyo hadi kiwe kikubwa kisichofichika. Mama huyu si mbaya. Ameogopa, na hofu yake imetoka mdomoni ikiwa na sauti ya hasira. Lakini kijana hakusikia hofu. Alisikia mashtaka.

Hivi ndivyo inavyopokelewa:

"Mama, kuna somo moja nimeanguka."

"Nimesikia, nyathina, mwanangu. Lipi hilo?"

"Takwimu."

"Haya. Umekula leo?"

"Nimekula."

"Chuo kinasema nini kuhusu hilo somo?"

"Kuna mtihani wa sapu kabla muhula haujafunguliwa."

"Ni nani huko anaweza kukufundisha kabla ya hiyo sapu?"

"Kuna jamaa wa mwaka wa tatu, anaijua sana."

"Mtafute kesho. Jumapili nipigie uniambie amesema nini."

Angalia alichofanya mama huyu. Alisema amesikia. Aliuliza kuhusu mwili kabla ya kuuliza kuhusu karatasi. Aliuliza njia iliyopo, na alimwacha kijana ajibu mwenyewe badala ya kumpa jibu. Akaweka siku ya kurudi kwenye jambo hilo. Wala hakusema kuanguka ni sawa. Lawama ikihitajika, likizo ipo, itasubiri, haitaoza.

Nawe baba, hatua hii ni yako pia. Baba wengi ziwani hutoka usiku na kulala mchana, na simu ya mtoto huwafikia ikiwa imekwisha kuongewa yote. Wanapewa dakika ya mwisho, wanauliza kama huko mvua inanyesha, wanasema "haya, ongea na mama yako." Kijana anayejua kwamba baba anaweza kusikia habari mbaya na akabaki amekaa amepata nguvu ambayo pesa hainunui. Chukua simu mwanzoni, siku moja katika wiki, ujifunze maneno yale mawili: "Nimesikia. Endelea."

Ushahidi wa jambo hili ulikusanywa upande wa pili wa ziwa letu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala akafanya kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Alizitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na mji, mara kwa mara kwa miezi, akiwatazama akina mama na watoto wao wachanga. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika wa mama yake hang'ang'anii mgongoni. Huyo ndiye anayetambaa mbali kuchunguza vitu, anageuka kutazama kama mama yupo, anarudi akishtuka, kisha anakwenda tena. Aliyachapisha hayo katika kitabu mwaka 1967, na baadaye watafiti wengi waliutumia mtazamo huohuo kuwachunguza vijana wanapoondoka nyumbani kwenda chuo. Anayejua atapokelewa akirudi ndiye anayethubutu kwenda mbali. Mama wa simu ya pili hakumdekeza mwanawe. Alimpa ujasiri wa kumtafuta jamaa wa mwaka wa tatu.

Hatua ya tano: Tambua anavyokabiliana na shida

Mwaka 1984 Richard Lazarus na Susan Folkman walichapisha kitabu kilichotofautisha njia mbili za kukabiliana na shida. Ya kwanza ni kulishughulikia tatizo lenyewe. Ya pili ni kuutuliza moyo unaoumizwa na tatizo. Mzazi mwenye kuzijua zote mbili hatampa mtoto dawa ya jino kwa ugonjwa wa tumbo.

Kuna shida zinazotaka vitendo. Alama za mtihani zimepotea: mtoto aende idarani na kitambulisho chake, aandike barua, abaki na nakala, arudi tena baada ya wiki. Hajaona jina lake kwenye mkopo: aende ofisi husika, asiwasikilize wanafunzi wenzake kibandani. Hapa kumwambia "omba Mungu, itakuwa sawa" peke yake ni kumwacha njiani. Omba naye, kisha muulize ataanza na mlango wa ofisi gani.

Kuna nyingine ambazo hakuna ofisi ya kuzitatua. Rafiki yake wa utotoni amezama ziwani akiwa yeye darasani. Nyanya amefariki na nauli ya kuja kuzika haikupatikana. Hapa ukimwambia "jikaze, una mtihani" utamfunza kuvimeza vitu visivyomezeka. Mwache alie kwenye simu. Mwambie mazishi yalivyokuwa, nani alikuja, wimbo gani uliimbwa. Mhimize akae na watu wa kanisa lake, au wa timu yake, au mshauri wa wanafunzi, ambaye vyuo vyetu vingi vinaye na ambaye wanafunzi wengi humkumbuka wakiwa wamekwisha kuzama.

Halafu kuna njia ya tatu, ambayo ni kukwepa. Hii ndiyo ya kuogopwa, na inaweza kuonekana kama utulivu. Baharia aliyeona maji yakiingia botini akanyamaza kwa kumwogopa nahodha hajaiokoa boti. Amewapunguzia wote muda wa kuyachota. Dalili za kukwepa zinajulikana. Kila kitu ni "sawa", na hakuna habari hata moja yenye jina la mtu wala la somo. Simu zake zinakuja kwa ajili ya pesa tu. Anazima simu wiki ya matokeo. Hasemi tena "darasa letu". Likizo inafika na ana sababu ya kutokuja nyumbani. Pombe, kubeti na kulala mchana kutwa huwa vinafuata, na wakati mwingine vinatangulia.

Ukiziona dalili hizi usitume mashtaka. Tuma mlango ulio wazi: "Naona umenyamaza. Lolote lililotokea, nataka kulisikia kutoka kwako, na nikishalisikia utabaki kuwa mtoto wangu." Rudia wiki ijayo. Akisema neno lolote linaloonyesha hataki kuishi, usilipuuze: tafuta mtu wa karibu naye akakae naye usiku huohuo, na ofisi ya mlezi wa wanafunzi ijulishwe.

Hatua ya sita: Msimamie bila kumvizia

Kuna mzazi anayewapigia simu mwenye nyumba, kiongozi wa darasa na wenzake wa chumbani, kila mmoja kwa siri. Mtoto wake huwa hodari sana wa uongo, kwa sababu amepewa mazoezi mengi. Kuna mzazi mwingine anayesema "sasa wewe ni mtu mzima" halafu akanyamaza hadi mahafali. Mtoto wa huyu huwa huru kabisa, na mpweke vilevile. Diana Baumrind, aliyechunguza familia za California miaka ya 1960, alionyesha kwamba kati ya amri tupu na uhuru mtupu kuna mzazi wa namna nyingine, mwenye masharti yanayoeleweka na masikio yanayosikia. Ushauri huo unafaa hata kwa kijana mwenye ndevu. Masharti yako yawe machache: nipigie Jumapili, niambie matokeo yakitoka, niambie mapema ukishindwa. Ukishayaweka, acha upelelezi.

Kwa binti, hatua hii ina uzito wa pekee. Wazazi wengi humpeleka binti chuoni na onyo moja, nalo ni wanaume. Kila simu inaanza na tuhuma. Matokeo yake, siku atakayoandamwa na mtu mwenye pesa anayejiita mfadhili, au na mwalimu anayezungumzia alama na chumba cha hoteli katika sentensi moja, hatakuwa na wa kumwambia. Atajua swali la kwanza litakuwa: "Ulikuwa umevaa nini?"

Akina mama wa Remba mnaifahamu biashara hii kuliko wahadhiri wote. Mmeiona jaboya ikifanya kazi ufuoni, samaki hawauzwi kwa pesa peke yake, na mwanamke asiye na mtaji akilazimika kulipa kwa mwili wake. Mwambieni binti hivyo kwa maneno yaliyonyooka, mkiwa mmekaa pamoja mkianika omena. Mwambieni kwamba anayedai mwili ili atoe haki yako ndiye mwenye hatia. Mwambieni pia kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamhesabia kosa mwalimu anayetumia cheo chake namna hiyo. Na mwambieni kwamba akipiga simu na habari hiyo saa nane usiku, mtaipokea.

Hatua ya saba: Kama mtoto hana baba wala mama

Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi na UKIMWI nchini, na ziwa lenyewe huchukua watu kila mwaka. Wanafunzi wengi kutoka visiwani wamelelewa na nyanya, shangazi, mjomba au dada mkubwa aliyeacha shule ili wadogo wasome. Hakuna hatua hata moja katika mwongozo huu inayohitaji mtu aliyemzaa. Inahitaji mtu mmoja asiyekimbia habari mbaya. Wewe nyanya usiyejua potali ni kitu gani unaweza kuwa huyo mtu. Mwambie mjukuu: "Mambo ya masomo siyajui, lakini nieleze polepole, nitakaa hapa mpaka umalize." Nawe dada mkubwa uliyeacha shule kwa ajili yake, usiikumbushe kafara yako kila anapokosea. Anaijua. Anaamka nayo kila asubuhi.

Neno kwa mwanafunzi mwenyewe

Habari mbaya ina namna ya kupelekwa. Ipeleke mapema, ingali ndogo. Ipeleke kwa mtu mmoja. Itaje kwa jina lake katika sentensi ya kwanza, bila kupitia kwa nyanya na mbwa. Kisha sema hatua unayofikiria kuchukua, hata kama ni dhaifu: sapu, kurudia somo, kuahirisha masomo kwa muhula mmoja, kuhama kozi. Vyuo viliweka taratibu hizo kwa sababu wanafunzi wenye akili timamu huanguka, huugua, hufiwa na hukosa karo, na kuzitumia si aibu. Ukipiga simu nyumbani ukapokelewa kwa kelele, vumilia, upige tena baada ya siku mbili. Mzazi aliyepiga kelele Jumatatu mara nyingi amekwisha kujuta Jumatano, ila hajui aanzie wapi. Na kama nyumbani hakuna masikio kabisa, usibaki na mzigo peke yako: mtafute mshauri wa wanafunzi, mwalimu mmoja, kiongozi wa dini au mzee mmoja kutoka kwenu.

Mzazi wa Remba, umetoa boti, umetoa zamu ya chama, umetoa usingizi wa miaka. Kimebaki kitu kimoja ambacho hakigharimu shilingi na ambacho hakuna mchangaji anayeweza kukitoa kwa niaba yako. Usingoje simu ya kimya. Mpigie mtoto wako Jumapili hii, umuulize anakula na nani, na akikuambia jambo usilotaka kulisikia, mwambie umesikia, kisha umwache aendelee.